Mabwawa makubwa: Nani hupata stima, na nani hukosa mto?

MWANAFUNZI wa kidato cha pili katika shule moja ya Isiolo aliniandikia barua ambayo nimekaa nayo kwa wiki tatu. Ilikuwa fupi, na ndani yake mlikuwa na swali moja tu. Mto Tana, alisema, una mabwawa matano makubwa ya umeme. Mto wetu wa Ewaso Nyiro hauna hata moja. Je, sisi watu wa Isiolo tulikosa nini?

Nilipoisoma mara ya kwanza nilitabasamu. Nilipoisoma mara ya pili nikaona haya. Sisi wa Nairobi stima ikipotea kwa saa mbili wakati wa taarifa ya habari, mtaa mzima hulalama, ilhali mji wa Merti, ulio katika kaunti ya kijana huyu, kwa miaka mingi uliwashiwa taa kwa mitambo ya dizeli, mafuta yenyewe yakipelekwa kwa lori kwenye barabara ya vumbi. Swali lake si la kitoto hata kidogo. Basi nikafunga mkoba, nikapanda gari la Isiolo.

Lakini kabla hatujafika huko, mpenzi msomaji, tuelewane kwanza kuhusu bwawa lenyewe. Wengi wetu tukisikia bwawa tunafikiria maji. Mhandisi hufikiria kimo. Maji yaliyotulia hayana kazi. Kazi huja yakianguka. Chukua mitungi 50 ya lita 20, ile ya manjano ambayo akina mama wa Isiolo wanaujua vyema uzito wake. Hiyo ni mita moja ya ujazo, yaani tani nzima ya maji. Iporomoshe kutoka kimo cha mita 100 hadi kwenye gurudumu la chuma lenye mapanga, nalo gurudumu lizungushe mtambo wa umeme. Utakachopata ni nguvu ya kuwasha balbu moja ya wati 60 kwa muda wa saa nne hivi. Mitungi hamsini kwa balbu moja, na kufikia wakati wa kulala imekwisha!

Ndiyo maana mabwawa ya umeme huwa makubwa kiasi cha kutisha. Wataalamu huliita bwawa kubwa pale ukuta wake unapofika kimo cha mita 15 kutoka kwenye msingi, lakini huo ni mlango tu wa kuingilia. Ukuta wa Aswan kule Misri, uliokamilika mwaka wa 1970, una urefu wa karibu kilomita nne kutoka ukingo hadi ukingo. Kariba, kwenye mpaka wa Zambia na Zimbabwe, ulikamilika mwaka wa 1959 na ziwa lake hubeba mita za ujazo bilioni 180, zaidi ya mara mia ya ziwa letu la Masinga. Three Gorges la Uchina lina uwezo wa megawati 22,500. Hapa jirani, Tanzania ilikamilisha mtambo wa mwisho wa Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji mwaka wa 2025, jumla megawati 2,115, na Septemba mwaka huo huo Ethiopia ikazindua bwawa lake la Nile ya Buluu lenye megawati 5,150.

Takwimu za namna hii hupendeza kwenye magazeti, nami nikiri kuwa hunipendeza. Kuna hesabu nyingine ambayo aghalabu huandikwa kwa herufi ndogo. Kariba iliwahamisha Watonga wapatao 57,000. Aswan iliwang'oa Wanubi kama 100,000, wa Misri na wa Sudan. Three Gorges ilihamisha zaidi ya watu milioni moja. Tume ya Dunia kuhusu Mabwawa, ambayo ripoti yake ilizinduliwa jijini London mnamo Novemba 2000 akiwepo Mzee Nelson Mandela, ilikadiria kuwa watu kati ya milioni 40 na milioni 80 ulimwenguni walikuwa wameondolewa makwao na mabwawa. Tofauti kati ya 40 na 80 ni milioni arubaini. Fikiria ni hesabu ya namna gani hiyo, ambayo watu milioni arubaini wanaweza kuwemo au wasiwemo na kitabu bado kikafungwa.

Humu nchini mambo yalianza kwa unyenyekevu. Mtambo wa Ndula kwenye Mto Thika ulianza kazi mwaka wa 1925, mdogo tu. Mwaka wa 1954 Malkia Elizabeth wa Uingereza alifungua bwawa la Owen Falls kule Jinja, ambalo leo huitwa Nalubaale, na baadaye Kenya ikawa inanunua umeme wa Uganda kwa waya mrefu kupitia Tororo. Baada ya Uhuru serikali ikaona si busara taa za Nairobi kutegemea nyumba ya jirani. Macho yakageukia Tana, mto mrefu kuliko yote tuliyo nayo, mahali paitwapo Seven Forks.

Kindaruma likatangulia mwaka wa 1968. Kamburu likafuata mwaka wa 1974, Gitaru mwaka wa 1978, Masinga mwaka wa 1981 na Kiambere mwaka wa 1988. Wanafunzi hukariri majina haya kama mashairi, lakini wachache huambiwa jinsi yanavyosaidiana. Masinga lenyewe huzalisha megawati 40 tu, ilhali Gitaru hutoa 225. Mbona basi Masinga ndilo kubwa? Kwa sababu Masinga ni pipa. Lilipojengwa liliweza kuweka mita za ujazo bilioni moja na nusu, likinga maji ya masika na kuyatoa polepole wakati wa kiangazi. Yanapotoka hapo hupita Kamburu, kisha Gitaru, kisha Kindaruma, kisha Kiambere. Maji hayo hayo hufanya kazi mara tano kabla ya kuachiliwa kwenda Garissa. Ni ufundi wa kupigiwa makofi.

Isipokuwa pipa likikauka. Wasomaji wa umri wangu wanaukumbuka mwaka wa 2000, mvua iliposusa na nchi nzima ikagawiwa stima kwa zamu. Tulisomea mishumaa na kibatari, na vinyozi wakarudi kwenye makasi. Mwaka wa 2009 Masinga lilizimwa kwa kukosa maji. Siku hizi mvuke wa ardhini wa Olkaria ndio unaoongoza katika kutupa umeme, na mabwawa yameshuka kutoka kiti cha mbele. Pia kuna udongo. Kila mvua inayonyesha kwenye miteremko isiyo na miti ya Mlima Kenya na Aberdare hubeba shamba la mtu hadi Masinga, na tope likishatua chini ya ziwa, kulitoa ni kazi ambayo sijasikia serikali yoyote ikiitamani.

Sasa tufuate maji baada ya Kiambere, maana hapo ndipo barua ya yule kijana inapoanza kupata jibu.

Mhandisi atakuambia, na atasema kweli, kwamba umeme haunywi maji. Tone linaloingia kwenye mtambo hutoka upande wa pili likiwa tone lile lile. Linachobadilisha bwawa ni saa ya tone hilo kufika. Zamani Tana ilifurika mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua ndefu na baada ya mvua fupi. Mafuriko hayo yalipotulia yaliacha tope jeusi lenye rutuba kwenye kingo, na Wapokomo wakapanda mpunga, mahindi na ndizi humo bila mbolea ya dukani. Kule kwenye delta nyasi ziliota, na Waorma wakaleta ng'ombe wao wakati bara yote imekauka. Samaki walizaliana kwenye vidimbwi. Msitu wa kando ya mto, wenye nyani wadogo wasiopatikana kwingineko duniani, ulipata miche mipya pale tu mto ulipoupandia.

Bwawa hufanya kazi yake kwa kuyazuia mafuriko hayo. Lengo lake hasa ni mto uende sawasawa, Januari kama Mei. Wa Garissa anayepiga maji kwa pampu hushukuru, kwa kuwa mto haumkaukii. Lakini anayengoja mto upande shambani hungoja bure. Halafu ukija mwaka wa mvua za ajabu, kama 2018, ziwa hujaa pomoni, maji hufurika kupita ukuta, na tangazo hupita redioni kwamba wakazi wa kingo wahamie nyanda za juu. Kwa hiyo mto umepoteza mafuriko madogo yenye faida na kubaki na yale makubwa yenye hasara. Mimi naona hilo ndilo jambo zito kuliko yote kuhusu mabwawa, kuliko hata kimo cha ukuta, nalo halimo kwenye kitabu chochote cha jiografia nilichosomea.

Isiolo si mgeni kabisa kwa Tana. Ukiangalia ramani utaona kona ya kusini ya kaunti, upande wa hifadhi ya Bisanadi, ikiugusa mto huo karibu na maporomoko ya Adamson. Yamepewa jina la George Adamson, yule mlinzi wa wanyama aliyeishi Isiolo enzi za ukoloni kabla ya kuhamia Kora na simba wake. Maporomoko hayo nayo yaliwahi kuingizwa kwenye michoro ya mahali panapofaa bwawa. Juu yake, kati ya Tharaka Nithi na Kitui, serikali imekuwa ikipanga kwa miaka mingi bwawa la High Grand Falls, ambalo likijengwa ziwa lake litashinda Masinga zaidi ya mara tatu. Mipango imekuja na kuondoka na wawekezaji wake.

Nilifika Isiolo usiku. Asubuhi nikachukua barabara ya Merti hadi daraja la Gotu, nione Ewaso Nyiro kwa macho yangu. (Tusichanganye na Ewaso Ng'iro ya Narok, ambayo ni mto mwingine.) Jina ni la Kimaasai, maji ya rangi ya udongo, na Waborana huuita Waso tu, kama mtu anavyomwita mwanawe. Huanzia Aberdare na Mlima Kenya, hupita Laikipia, hufika Archer's Post, huporomoka pale Chanler's Falls, huenda Merti, na mwishowe hufia kwenye kinamasi cha Lorian. Haufiki baharini. Kila tone lake limeliwa na kunywewa njiani.

Chini ya daraja nilimkuta mzee mmoja na mbuzi wake. Nikamwamkia, akanipokea vizuri, akaniuliza habari za safari na za mvua huko nitokako, kama ilivyo desturi ya wafugaji, kabla hajataka kujua nimefuata nini. Nilipomwambia kuna kijana anayetaka bwawa la stima kwenye mto huu, hakucheka.

"Mwanangu," akaniambia, "mto huu wenyewe tunautafuta."

Naye ana haki. Wanaopima maji pale Archer's Post waliona kwamba katika miaka ya 1960 mto ulipitisha kama mita 9 za ujazo kwa sekunde mwezi wa Februari, mwezi wa ukavu. Kufikia miaka ya 1980 na ya 1990 ilikuwa imebaki kama mita moja. Hakukuwa na ukuta wowote wa umeme uliofanya hivyo. Ni mifereji na pampu za mashamba huko juu, ya wakubwa na ya wadogo, pamoja na watu walioongezeka. Miaka ya kiangazi kikali mto umewahi kukauka kabisa kwa masafa marefu.

Hapa ndipo nilipotoa kalamu na kufanya hesabu, na wewe mwanafunzi ifanye nami. Mita moja ya ujazo kwa sekunde, ikianguka mita 100, haitoi hata megawati moja. Gitaru ni 225. Kwa hiyo jibu la kwanza la barua yako ni hili: hamkukosa chochote mbele ya serikali kuhusu jambo hili (kuhusu mengine, tutazungumza siku nyingine). Mto wenu hauna maji ya kuzungusha mitambo mwaka mzima.

Hata hivyo, bwawa liliwahi kupangwa, na si la umeme kwanza. Katika mradi mkubwa wa LAPSSET, ule wa bandari ya Lamu na barabara za kwenda Ethiopia na Sudan Kusini, Isiolo ilitengewa mji wa kitalii, na mji hutaka maji. Mahali palipochaguliwa pa kujenga ukuta ni bonde jembamba liitwalo Crocodile Jaw, yaani Taya la Mamba, mpakani mwa Laikipia na Isiolo. Wafugaji wa chini walipopata habari hizo hawakuzifurahia. Kila mwaka tangu 2013 kumekuwa na msafara wa ngamia unaofuata mto kwa siku kadhaa, wazee, vijana na akina mama, wakipiga kambi na kufanya mikutano kijiji hadi kijiji, na bwawa hilo likawa moja ya mambo makubwa waliyoyapinga. Ukuta haujasimama.

Nilimuuliza yule mzee wanachoogopa hasa. Akanionyesha ukingo wa pili. Pale ni malka, akasema, mahali pa kunyweshea. Kila malka ina watu wake na zamu yake. Malisho nayo yana wazee wake, baraza la dheda, wanaoamua ni wapi pachungiwe wakati wa mvua za ganna na za hagaya, wapi pangojewe kiangazi, na wapi pasiguswe mpaka hali iwe mbaya kabisa. Utaratibu huo wote umefungwa kwenye saa ya mto. Waso ukifurika Aprili, nyasi za kutoka Merti hadi Lorian huota, na hizo ndizo akiba ya mwisho ukame ukija. Maji yakishikwa huko juu Aprili na kuachiliwa Agosti kidogo kidogo, yatakuwa maji yale yale kwa hesabu ya mhandisi, lakini hayatapanda ukingo, na bila kupanda ukingo hakuna nyasi.

Nilijaribu kumtetea mhandisi. Nikamkumbusha Machi 2010, mto huu huu ulipofurika ghafla ukabeba kambi za watalii kule Samburu. Nikamwambia mji wa Isiolo unakua na mifereji ya nyumbani inahema hewa. Alikubali yote mawili. Akasema hata visimani kwao kuna mtu wa kusimamia zamu, aba herega, na huyo hujulikana kwa jina na nyumba, akikosea huulizwa siku hiyo hiyo. Kisha akauliza lile lango la chuma la ukutani, lile la kufungua na kufunga maji, ufunguo wake utakaa na nani? Atakaa Merti au atakaa Nairobi?

Sikuwa na la kumjibu. Aliita mbuzi wake wakapanda ukingo.

Mimi si adui wa mabwawa. Makala haya nimeyaandika chini ya taa, na sijui ni mto gani ulioiwasha. Huenda si wa Kenya hata kidogo, kwa sababu tangu Novemba 2022 tunanunua umeme wa Ethiopia kwa waya mkubwa unaofika Suswa. Ethiopia hiyo ilizindua bwawa la Gibe III kwenye Mto Omo mwaka wa 2016, ukuta wenye kimo cha mita 243, na Omo ndio unaolijaza Ziwa Turkana kwa sehemu kubwa kabisa. Wavuvi wa Turkana walipiga kelele kuhusu saa ya mto wao kabla wengi wetu hatujajua jina la bwawa hilo. Kwa maneno mengine, yale yaliyowapata Wapokomo wa Tana, na wanayoyahofia Waborana wa Waso, huenda yanaingia nyumbani kwetu kila jioni tunapobonyeza swichi.

Ninachotaka mimi, na wizara husika wanisamehe nikionekana mjuaji, ni kwamba kabla ya kumwaga mfuko wa kwanza wa saruji kwenye mto wowote, iandikwe kwanza ratiba ya maji: mwezi gani yaachiliwe, kiasi gani, yapande ukingo siku ngapi, na nani wa chini ana haki ya kwenda mahakamani isipofuatwa. Halafu isomwe kwa lugha ya wenyeji pale kwenye malka, si katika hoteli ya Nairobi. Isiolo ina makao makuu ya mamlaka ya ustawi wa bonde hili la kaskazini, iliyoundwa mwaka wa 1989, kwa hiyo hatutakosa ofisi ya kuiweka. Na stima ya Merti isingoje mto. Jua la huko nililionja nikiwa darajani saa tano asubuhi, na kama lingekuwa linauzwa kwa kilo, Isiolo ingekuwa inaikopesha Nairobi.

Kijana, nakala ya gazeti hili nimeituma shuleni kwenu pamoja na hesabu zile za mita moja ya ujazo, ili mwalimu wako wa fizikia azikague. Akipata kosa, aniandikie. Kuna wasomaji wengine watatu, wawili wa Nakuru na mmoja wa Eastleigh, waliouliza mvuke wa Olkaria hutoka wapi na kama unaweza kuisha. Hao wanisubiri hadi Jumapili ijayo.